Mwaka Nilioliponya Ua la Mama Rehema

Mwezi uliopita tulimzika Mama Rehema pale Kasulu, na siku ya tatu ya matanga mume wake akawachekesha watu kwa jina langu. Mzee siku hizi anatembelea fimbo, jicho moja limeingia ukungu, na ukitaka akusikie mpaka majirani wa nyumba ya tatu wasikie kwanza, ila ile hadithi haijamtoka hata neno. Mimi nimekaa mkekani na akina mama, nimeshika kikombe cha chai, nikamsikia upande wa wanaume: "Yule Skola mnamwona pale? Alikuja kwangu msichana mbichi, jiko la mafuta analiogopa kama nyoka. Mke wangu, Mungu amrehemu, kaenda kwao Korogwe kumzika mama yake, karudi kakuta ua lake limenyonyolewa kama kuku wa sikukuu! Namuuliza, binti, vipi? Ananiambia, Bwana Shamba, lilikuwa linaumwa!" Wanaume wakacheka mpaka sheikh akafuta machozi. Na mimi, sikufichi, nikacheka. Tena nikanyanyuka nikaonyesha kwa mikono nilivyokuwa nalinyonyoa, maana mimi nikipata watu watatu wa kucheka nagawa hata heshima yangu. Nikafika nyumbani, nikavua viatu, ndipo hasira ikanipanda. Nikatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa hivyo hivyo kwa hasira. Karibu miaka hamsini anasimulia hadithi ile ile, na kila mara anaikata pale pale, kwenye kuku. Nusu ya pili hajawahi kuifikia. Basi nitaisema mimi. Shule yangu iliishia darasa la sita, katikati ya hesabu za sehemu, kwa hiyo nusu ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

Ukoo wangu nauruka, hauna utamu na waliobaki hai wana maneno. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshahamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa mstari kama mabenchi ya kanisani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, natoka Heru Juu, nikapelekwa Kibondo kufanya kazi za ndani kwa Bwana Shamba. Jina alikuwa nalo lakini hakuna aliyelitumia. Walikuwa watu wa Tanga, serikali imewaleta huku kwetu kwenye baridi, na Mama Rehema alikuwa hajaisamehe serikali kwa baridi ile. Alivaa sweta la mumewe juu ya kanga mbili, akalalamika juu ya nazi. Kibondo nzima hakuna nazi! Wali anapika kwa maziwa huku anausonya. Nyumba ilikuwa ya serikali, sakafu ya saruji nyekundu ambayo magoti yangu yanaikumbuka mpaka leo, madirisha ya wavu, makochi manne yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Rais ukutani. Na ua. Lilipandwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, likateremka, likapandishwa tena kwa nyuzi na misumari, likazunguka sebule nzima, likapita juu ya mlango wa chumbani, likamzunguka na Rais, likaishia dirishani linachungulia nje kama mtu anayesubiri barua. Karibu kila jani lilikuwa na mabaka, hapa kijani, pale jeupe, pembeni njano kidogo kama limemwagikiwa uji. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu amefuga mmea ndani ya nyumba. Kwetu ndani wanalala watu, mbuzi, na mahindi ya mbegu.

"Kila asubuhi unayapangusa," Mama Rehema akanifundisha, kitambaa chenye maji mkononi. "Moja moja, wee Skola, usiyavute. Maji hulimwagii mpaka utie kidole kwenye udongo uone pamekauka. Na moshi wa mkaa usiingie humu."

"Linakula nini?" nikauliza. Nilikuwa nataka kujua kama nalo nitalisongea ugali.

"Linakula macho," akasema. "Ukiliangalia linakua. Nililileta kwenye basi nimelipakata, Rehema alikaa chini miguuni."

Sasa sikiliza. Mtu yeyote wa Heru Juu ukimwonyesha jani lenye mabaka anajua ni kitu kimoja: batobato. Ule ugonjwa wa muhogo. Jani linaanza na madoa ya njano, linajikunja, mti unadumaa, na chini unachimba unakuta mzizi kama kidole cha mtoto. Na nani alikuwa anatufundisha kuuogopa? Bwana Shamba mwenyewe. Nilimsikia kwenye baraza lake akiwafokea wazee waliotoka Nyabibuye kwa miguu: "Jani lina mabaka, ng'oa! Usilionee huruma! Ng'oa, choma, osha mikono!" Anasema hivyo, anaingia ndani, anakaa kwenye kochi chini ya majani mia mbili yenye mabaka, anaagiza chai. Mimi nikajua hawa watu wa Tanga wamechelewa kuona. Mzee kazoea ya mashambani, ya ndani kwake hayaoni.

Ikaja simu ya upepo ofisini kwamba mama yake Mama Rehema amefariki. Akaondoka na Rehema, analia, na mlangoni ananiambia, "Ua langu, Skola. Nikirudi nilikute." Nikaapa. Wiki ile ile Bwana Shamba akaenda zake safari ya vijijini, nikabaki peke yangu na mgonjwa. Nilikaa sebuleni nikalitazama. Nikafikiri, huyu mama amekwenda kuzika, atarudi akute na hili limekufa, atasema mimi nimeliua. Kuling'oa siwezi, nimeapa. Basi nikalitibu. Nilinyonyoa kila jani lenye baka, nikakata kila kamba iliyokuwa na baka, nikapanda juu ya kiti nikamvua na Rais, mpaka likabaki shina moja fupi lenye majani matatu ya kijani tupu. Majani mengine nikayachoma nyuma ya jiko. Na nikaosha mikono! Bwana Shamba aliporudi hakuona kitu. Mwanaume haoni ukuta mpaka umwangukie.

Na lile shina likachipua. Naapa kwa marehemu. Likatoa jani la kijani, jingine la kijani, kamba ndefu, kijani cha mchicha, hata doa moja hakuna. Nililiangalia kila asubuhi nikavimba kichwa. Mama Rehema alirudi baada ya miezi miwili na ushee, amekonda, kaniki ya msiba bado mabegani, akaingia sebuleni, akasimama. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi akaanza kulia kidogo kidogo kama bomba bovu. Lile ua, akasema, lilikatwa kwenye ua la mama yake. Ndiyo kwanza nami nasikia. Bwana Shamba akatoka chumbani na kikombe, akatazama ukuta, akanitazama.

"Nini hiki, binti?"

"Lilikuwa na batobato, Bwana Shamba. Nimelinyonyoa. Sasa limepona."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Limepona! Mama Rehema, umesikia? Skola ameliponya! Sisi tumesoma miaka miwili chuoni tunang'oa tu, kumbe dawa ni kunyonyoa!" Akanishika bega, uso umekaza kama wa mwalimu. "Ukienda kwenu uwafundishe na wazee wako. Wanyonyoe mihogo hivyo hivyo. Batobato kwisha. Nitakuombea kazi idarani."

Wewe uliyesoma ukamaliza ungejua hapo unachekwa. Mimi hesabu zangu ziliishia kwenye sehemu. Bwana Shamba amesema, na ua liko ukutani, kijani. Ushahidi nilikuwa naupangusa kila siku. Ndicho kinachonichoma mpaka leo: mtu analipwa na serikali kujua, anaulizwa na mtu asiyejua, anajibu kichekesho, anarudi kwenye chai yake.

Mama Rehema hakucheka. Kesho yake alihamisha kabati akakuta nyuma yake kipande cha kamba nilichokisahau, kimepauka, kina jani moja lenye baka jeupe. Akakitia kwenye chupa ya maji dirishani, kikatoa mizizi. Akanifundisha upya bila kunitukana, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Mabaka ndiyo uzuri wake, akasema, si ugonjwa. Kamba ikitoa kijani tupu, ile ndiyo unakata, maana kijani ina nguvu, ukiiacha inameza nyingine yote. Liweke karibu na mwanga, gizani baka linapotea. Nikashika. Nilikuwa nakata kijani, nabakiza baka, na moyoni nashangaa nyumba hii ambayo kila kitu kimepinduliwa. Sikumuuliza kuhusu muhogo. Kwa nini nimuulize yeye? Mwenye muhogo alikuwa mumewe, na alishasema.

Kiangazi wakahamishiwa Kasulu. Nilipanda nyuma ya lori, kati ya kabati na makochi, nimelipakata lile kopo na kanga nimelifunika, vumbi limeniingia mpaka kwenye mawazo. Nyumba ya Kasulu ilikuwa ileile, utadhani wameibeba na sisi. Misumari ikagongwa, ua likaanza safari yake upya. Na mimi nikawa karibu na kwetu, Jumapili natembea mpaka Heru Juu namsalimia mama. Siku moja napangusa majani, Bwana Shamba ana wageni wawili wa ofisini, wanakula samaki wa migebuka na ugali wa muhogo, wanaongea na midomo imejaa. "Heru Juu mwezi ujao," anasema. "Nakagua shamba moja moja. Lenye batobato nang'oa yote." Mmoja akauliza watu watakula nini. "Watapewa pingili safi kutoka shamba la serikali, wapande upya. Mkaidi ndiye hapewi." Nilisikia "nang'oa yote". Hayo mengine yalinipita. Nilikuwa namwona mama yangu na muhogo wake, shamba moja, ndicho chakula alichokuwa nacho mpaka mavuno ya mahindi. Muhogo wenye mabaka, ndiyo, lakini chini kulikuwa na kitu cha kuchimba.

Jumapili nikakimbia kumwambia mama anyonyoe kabla ya ukaguzi. Mama yangu hajui Kiswahili, Kiha tu, na ni mtu wa kuuliza mara tatu. "Majani yote?" Yote yenye baka. "Na yatarudi kijani?" Yatarudi, mimi nimeona kwa macho. "Nani amesema?" Bwana Shamba mwenyewe, kwa mdomo wake. Hapo akainama akaanza. Majirani walisimama kando wakatazama, hakuna aliyemfuata; mmoja akasema Skola siku hizi anaongea kama redio. Siku tatu mama alinyonyoa, mpaka shamba likawa vijiti. Majani mengine tukatwanga isombe, chungu, ngumu, tukala na ndugu zangu tukinuna. Nilirudi Kasulu nimejiona daktari.

Wiki ya nne Bwana Shamba akaniambia nipande gari la idara, mkalimani wake anaumwa tumbo, nitamtafsiria. Nilikaa mbele! Tukafika kwa mama. Ile mihogo ilikuwa imechipua, na kila jani jipya lilikuwa njano, limekunjwa kama ngumi, baya kuliko yale ya kwanza. Bwana Shamba akapita kati ya mistari, akashika vikonyo vilivyonyonyolewa.

"Huyu ameficha ugonjwa," akasema. "Alijua nakuja, akanyonyoa nisione. Mwambie."

"Bwana Shamba, huyu ni mama yangu."

"Hata angekuwa mama yangu mimi. Mwambie."

"Ni wewe uliyesema. Ua lilipopona. Ulisema wanyonyoe."

Akanitazama kidogo, akakumbuka. Niliona kabisa amekumbuka. Kisha akawageukia vijana wa kung'oa na majirani waliojaa. "Mnasikia? Nilimtania juu ya ua la mke wangu, akaja kunyonyoa muhogo! Ua na muhogo wapi na wapi?" Watu wakacheka. Wanaojua Kiswahili walicheka kwanza, wengine wakatafsiriwa wakacheka baadaye, kwa hiyo nilichekwa mara mbili. "Mwambie: inang'olewa yote. Na pingili hapewi, ni mkaidi." Nikamwambia mama. Kwa Kiha neno kama hilo halina mahali pa kujificha. Mama hakunitazama. Vijana wakang'oa mpaka ile yenye mizizi ya kula, wakarundika, wakachoma, na moshi wa muhogo mbichi ukakaa kwenye nywele zangu siku mbili.

Nilirudi kazini, kwa kuwa sasa mshahara wangu ndio ulikuwa shamba. Mvua zimeanza, Heru Juu wote wanapanda pingili safi, mama yangu anawatazama. Kila siku mvua ikinyesha mimi napangusa mabaka ya Tanga, nahesabu siku za kupanda zinavyopungua. Sikuacha utani. Nilikuwa natania kama mtu anayejikuna.

Ndipo akaja mgeni, ndugu mmoja mkubwa wa kilimo kutoka mkoani, shati la mikono mifupi, mpole. Mama Rehema akapika pilau, mimi naleta sahani. Ua lilikuwa limeshafika juu ya mlango tena, zuri, kila jani baka. Bwana Shamba anaeleza: Heru Juu batobato imekwisha, Ndugu, hakuna jani lenye doa. Nikaweka bakuli la kachumbari nikasema, "Na hili la ukutani, Ndugu, tuling'oe lini?"

Mgeni akatazama juu, akacheka sana. Bwana Shamba akacheka kumpita. "Huyu ndiye kichekesho chetu," akasema. Nikaona pale kwamba nimempa zawadi. Nikaweka sinia chini. Nilikuwa sijawahi kusema jambo lolote mbele ya wakubwa bila kulipaka utani, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Mama yangu hana mbegu. Mvua inapita. Alinyonyoa muhogo kwa sababu Bwana Shamba alisema ndiyo dawa, mimi nikampelekea. Sasa ananyimwa pingili kwa ukaidi. Hakukaidi. Alitii."

Mgeni akaacha kutafuna. "Ni kweli, Ndugu?"

"Huyu binti ana utani," Bwana Shamba akasema, anatabasamu. "Kijiji kizima kinamjua kwa utani."

Na ilikuwa kweli! Hapo ndipo niliponaswa. Nani atamwamini mtu anayejichekesha tangu asubuhi? Sauti ikatoka mlangoni, kwenye pazia la kwenda jikoni, ambako Mama Rehema alisimama na kijiko cha pilau. Huwa hatoki wageni wakiwepo.

"Ulisema, Baba Rehema. Mimi nilikuwa nimekaa kochi hilo hilo analokalia mgeni, nalia. Ulisema wazee wake wanyonyoe mihogo hivyo hivyo, batobato kwisha. Ukamshika na bega." Akainua kijiko. "Pilau ipo nyingine, Ndugu. Karibu uongeze."

Hakuna aliyeongeza. Mgeni alinawa mikono akasema pingili zipelekwe wiki hiyo hiyo. Bwana Shamba hakuzungumza na mkewe siku tisa. Chumvi aliomba kupitia kwangu. Mama Rehema alikuwa anamjibu kupitia kwangu vilevile, nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Ile wiki sikuthubutu kumwambia asante, na baadaye nikaona nimechelewa. Huo ujinga ni wangu, simsingizii mtu.

Pingili zilishika, nakuambia mapema usije ukangoja. Lakini muhogo unakaa ardhini mwaka, na mwaka ule mama yangu na wadogo zangu walikula mara moja kwa siku, ugali wa kuomba na isombe ya majirani, mdogo wetu wa mwisho akavimba miguu mpaka tukamkimbiza hospitali. Alipona. Hadithi ya kuku haina hayo.

Gari la idara lilifika Heru Juu na mizigo mitatu ya pingili, na Bwana Shamba mwenyewe, maana mgeni alimwamuru apeleke kwa mkono wake. Mimi mkalimani. Majirani wakajaa kama siku ile. Akaanza: "Mwambie apande kwa mstari, hatua moja moja, pingili ilale kidogo, macho ya kuchipua yaangalie juu." Nikasema. Mama alisikiliza mikono imekunjwa kifuani, kisha akaongea kwa muda mrefu, polepole, kwa Kiha, akimtazama yeye.

"Anasemaje?"

"Anasema panda wewe."

"Nini?"

"Anasema, mara ya kwanza ulisema nikafanya, ukasema ulikuwa utani. Mimi Kiswahili sijui, siwezi kujua saa ngapi unatania na saa ngapi unafanya kazi. Kwa hiyo panda wewe, nione kwa macho. Isiposhika, uwe ni mkono wako."

Nilitafsiri neno kwa neno. Ulimi uliniwasha, kulikuwa na vichekesho vitatu hapo vya bure kabisa, nikaviacha. Bwana Shamba akamtazama dereva, na dereva akaona kitu cha haraka cha kukagua chini ya gari. Akawatazama majirani. Hakuna aliyecheka, wenye Kiswahili wala wasio nacho. Akavua viatu vyake vya ngozi, akakunja suruali, akapokea jembe kwa mama. Alipanda mstari mmoja mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akapangusa mikono, akaanza kutafuta viatu vyake. Mama akamwonyesha kwa kidole mstari wa pili.